Ubao, mipira mitatu na soko la Busia: shajara ya mradi

2 Februari

Kaka yangu alianguka na pikipiki miaka miwili iliyopita kwenye barabara ya Tororo, usiku, bila helmeti. Alilazwa wiki tano. Alipotoka alikuwa anaongea vizuri, anatania, anahesabu chenji haraka kuliko mimi, na daktari aliyemruhusu akasema amepona. Lakini mtume sokoni alete mukene (dagaa wetu wa ziwani), sabuni na kiberiti. Atarudi na kimoja, au na kitu ambacho hakuna aliyemwagiza. Muulize alitumwa nini, atakutajia vyote vitatu bila kukosea. Mama anasema ni uvivu. Shemeji anasema kuna mkono wa mtu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, si daktari. Ila mwaka jana nilikutana na habari za wagonjwa watatu walioelezwa na wanasaikolojia Tim Shallice na Paul Burgess, London, mwaka 1991. Wote waliumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso. Mitihani ya kawaida ya akili waliifanya vizuri. Maisha ya kila siku ndiyo yaliyowashinda: kupika, kwenda dukani, kumaliza walichoanza. Nilisoma ukurasa ule nikamwona kaka.

Ndipo nikaanza mradi huu. Nataka kuunda vifaa viwili ambavyo wanasaikolojia hutumia kupima jinsi mtu anavyopanga na kutatua tatizo, kwa Kiswahili tunachozungumza hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na kwa bei ya fundi wa mtaani. Rafiki yangu anayesomea saikolojia ya tiba Kampala ananiongoza kwa simu. Kanikanya mapema: utafiti juu ya watu nchini Uganda unapitia kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na sisi hatujapita huko. Kwa hiyo haya ni mazoezi ya kutengeneza vifaa, kati ya jamaa na majirani waliokubali. Hakuna atakayeambiwa ni mzima au mgonjwa.

5 Februari

Kifaa cha kwanza ni Mnara wa London, ambao Shallice aliuchapisha mwaka 1982: mipira mitatu ya rangi kwenye nguzo tatu, unaihamisha mmoja mmoja mpaka ifanane na picha uliyoonyeshwa. Mama yake ni Mnara wa Hanoi, fumbo la mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas la mwaka 1883: visahani vya ukubwa tofauti kwenye nguzo tatu, kikubwa kisikae juu ya kidogo. Ubaya wa Hanoi kwa mpimaji ni kwamba ukishaigundua siri yake basi, unarudia mtindo uleule. Visahani 3 ni hatua 7, visahani 4 ni 15, visahani 5 ni 31. Shallice alitaka maswali mengi mafupi, kila moja likihitaji kufikiriwa upya.

Fundi Wandera alinitengenezea nguzo tatu zinazolingana. Zimepigwa msasa, zimepakwa vanishi, zinapendeza. Nikamwambia hapana, fundi: ya kwanza ibebe mipira 3, ya pili 2, ya tatu 1 tu. Akanitazama kama mteja aliyeagiza kiti cha miguu isiyolingana.

Nguzo fupi ndizo zenye kazi. Zikilingana, karibu kila mpira una pa kwenda. Zikiwa fupi, kuna wakati mpira lazima ukae kwanza mahali usipotakiwa ili mwenzake apite. Tulikaa kwenye benchi lake la randa tukahesabu. Kuna namna 6 za kugawa mipira mitatu kwenye nguzo hizo, na kila namna ina mipangilio 6 ya rangi. Jumla 36, si zaidi. Na kutoka mpangilio wowote hadi mwingine wowote, njia fupi haizidi hatua 8. Fundi hakuamini hizo 8. Akazikata nguzo, akakaa na mipira hadi giza likaingia, na oda ya mlango wa watu ikalala.

Rangi ya bluu iliisha dukani, kwa hiyo mipira yetu ni nyekundu, kijani na njano. Haidhuru, mradi zinatofautiana.

9 Februari

Nilidhani kutafsiri maelekezo ni kazi ya jioni moja. Maelekezo yanamtaka mtu aone njia nzima kichwani kabla ya kugusa mpira. Nikaandika: «Panga hatua zako kabla ya kuanza.»

Mtu wa kwanza alikuwa Mama Nabwire, muuza nyanya, jirani yetu. Kusikia «panga», akaishika mipira akaipanga. Safi kabisa, mstari mmoja, kama nyanya mezani. Nikamwambia, mama, bado. Akajibu, «Si umesema nipange?»

Alikuwa sawa. Kupanga nyanya ni kazi ya mikono. Kupanga nyumba ni kulipa kodi mwisho wa mwezi. Panga lenyewe liko nyuma ya mlango. Kupanga kwa kichwa peke yake kunajificha katikati ya hayo yote, na msikilizaji hachagui maana ile unayoitaka wewe. Nikajaribu «fanya mpango kwanza». Kijana wa boda akacheka, akaniuliza mpango ni wa shilingi ngapi. «Weka mkakati» ni lugha ya semina, mtu anakaa wima kana kwamba mgeni rasmi amefika.

Siku tatu zimekwenda kwa neno moja. Tumefika hapa: «Usiguse kwanza. Tazama, upige hesabu kichwani mpaka mpira wa mwisho. Ukishaiona njia yote, ndipo uguse.» Kupiga hesabu kila mtu wa Busia anakujua, kuanzia mbadilisha pesa hadi mtoto wa darasa la tatu, na hakuna anayenyoosha mkono akisikia neno hilo.

Rafiki yangu aliuliza kwa nini nang'ang'ania sentensi moja hivi. Kwa sababu kinachopimwa hapa hakionekani. Huwezi kuuona mpango. Unachoweza kushika ni ukimya: muda tangu mtu aonyeshwe picha ya anakotakiwa kufika hadi mkono wake uguse mpira wa kwanza. Wanasaikolojia huuandika muda huo peke yake, kisha muda wa kuhamisha peke yake, kisha idadi ya hatua ikilinganishwa na njia fupi kuliko zote. Mtu akianza kupangua mipira mara moja kwa sababu ya neno langu bovu, ukimya ule nimeufuta mwenyewe, na namba niliyoiandika haina maana.

16 Februari

Steji ya boda iliyo karibu na kituo cha mafuta, watu wanne. (Wazee wa hapa hawachoki kukumbusha kwamba neno boda lilizaliwa mpakani huku, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Leo nimekumbushwa mara mbili.)

Niliweka simu mezani ikihesabu sekunde. Kosa kubwa. Walipoona namba zinakimbia, nao wakakimbia. Swali la hatua 5 walilimaliza kwa hatua 9, 11, mmoja 14, wakipigiana kelele nani kamaliza mapema. Hakuna aliyekaa kimya hata sekunde tatu.

Mchana huohuo akaja Mzee Ouma, ambaye jioni zake zote ziko kwenye mweso, bao la Waganda. Mashimo 32, kete 64, na mzee haguswi. Swali lilelile. Akaweka mikono magotini. Simu ikahesabu sekunde 20, 40, 60. Vijana wakaanza kunong'ona kwamba mzee kasinzia. Kwenye sekunde ya 73 akanyoosha mkono, akahamisha mara tano bila kusita, akanirudishia ubao.

Kuna namna za kusahihisha kipimo hiki zenye kikomo cha dakika moja. Kwa hizo, Mzee Ouma kakosa.

Usiku nilitafuta makala ya Mallory Wober ya mwaka 1974 kuhusu namna Waganda wanavyoielewa akili, obugezi. Wanakijiji aliowauliza waliiweka akili karibu na utaratibu na uangalifu, mtu asiye na pupa. Waliosoma zaidi, walimu kama mimi, waliisogeza upande wa wepesi. Nilitabasamu kwa aibu kidogo. Nani aliiweka simu mezani?

18 Februari

Sasa simu inakaa chini ya meza. Leo nilirudi stejini na maswali mapya na hakuna saa inayoonekana, na vijana walewale walinyamaza, mmoja hadi nusu dakika. Ni watu wanne tu, na walikuwa wamekwisha kuuzoea ubao, kwa hiyo sithibitishi chochote. Najua tu kwamba saa niliyoileta ili ipime upangaji ndiyo iliyokuwa inaufukuza.

20 Februari

Leo kufikiri kwa sauti. Watafiti wa Marekani Allen Newell na Herbert Simon waliitumia sana njia hii, hasa katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1972 kuhusu jinsi binadamu anavyotatua matatizo. Unampa mtu fumbo, unamwambia aseme kila kinachompitia kichwani, asieleze wala asijitetee, aseme tu. Wewe unaandika.

Nimewaruhusu watu waseme kwa lugha yoyote inayokuja. Mama Nabwire alianza kwa Kiswahili, akahamia Kisamia palipokuwa pagumu, akarudi. «Huyu mwekundu ananizibia. Basi, akae kwa jirani kwanza, nitamfuata.» Sentensi hiyo ina thamani kuliko sekunde zote nilizoandika. Ametaja kizuizi, akaweka lengo dogo ndani ya lengo kubwa, akakubali kwenda upande usio wake.

Newell na Simon walisema mtu hutazama alipo, hutazama anakotaka, kisha huchagua hatua inayopunguza tofauti. Inafaa mara nyingi. Inavunjika pale ambapo lazima uiongeze tofauti kwanza, yaani uutoe mpira ambao tayari uko mahali pake. Karibu makosa yote kwenye daftari langu yako hapohapo. Mkono unagoma kuharibu kilichokaa vizuri. La ajabu ni kwamba vijana wa boda hufanya hivyo kila siku barabarani: akiona kizuizi mbele, anageuza, anarudi nyuma kilomita moja, anapita vichochoroni, na hasiti hata kidogo. Kwenye ubao anasita. Sijui bado nifanye nini na jambo hili, naliandika tu.

25 Februari

Wanafunzi wa kidato cha tatu wameuona ubao, wakauliza swali nililolitarajia: mbona hamfungui mashine mwone ubongo wenyewe?

Niliwaeleza hivi. Ndani ya mashine ya MRI mtu analala, kichwa hakitikisiki, kwa hiyo hakuna mipira ya kushika. Anaonyeshwa picha mbili, alipo na anakotakiwa kufika, anapiga hesabu ya hatua kichwani, anabonyeza kitufe. Kisha anaonyeshwa picha zinazofanana na hizo lakini kazi ni kuhesabu mipira tu. Kinachopatikana mara ya kwanza kinatolewa kile cha mara ya pili, ili macho na kidole viondoke, ibaki hesabu. Na mashine haioni mawazo. Inaona damu yenye oksijeni ikielekea palipo na kazi, na damu hiyo huchelewa: kilele chake huja sekunde kama tano hivi baada ya kazi kuanza. Kabla ya njia hiyo kuenea, akina Adrian Owen walifanya jambo la jinsi hiyo mwaka 1996 kwa PET, inayofuata chembe chache za mionzi zilizotiwa kwenye damu.

Kinachoonekana si chumba kimoja cha mipango. Ni mtandao: pande zote mbili za ubongo wa mbele, sehemu ya juu kwa nyuma inayoshughulika na nafasi, na viini vilivyo ndani kabisa. Binti mmoja akauliza, sehemu ikiwaka ndiyo inayofanya kazi hiyo, au imewaka tu kwa sababu jirani anafanya kazi? Nilimpongeza mbele ya darasa. Picha peke yake haijibu hilo. Ndiyo maana watu walioumia, kama wale watatu wa London, bado wanahitajika katika elimu hii: wao wanaonyesha nini kinapotea sehemu fulani ikiharibika.

3 Machi

Kaka kwenye ubao. Maswali 12, kuanzia hatua 2 hadi 5. Kumi kayamaliza kwa njia fupi kuliko zote, mawili kapoteza hatua moja moja. Alinyamaza vizuri kabla ya kugusa. Alifanya vizuri kuliko mimi, na alihakikisha nyumba nzima imesikia.

Mama akasema, «Si niliwaambia?» Sikuwa na jibu.

Usiku rafiki yangu akanikumbusha kwa simu. Wagonjwa wa mwaka 1991 nao walifaulu vipimo vingi vya mezani. Mezani kuna swali moja, mtu wa kukuambia anza, na mwisho unaouona kwa macho. Maisha hayana hayo. Ndiyo maana Shallice na Burgess waliondoka ofisini wakawapeleka barabarani madukani.

7 Machi

Kifaa cha pili, basi: shughuli nyingi kwa mkupuo mmoja. London waliwapa watu karatasi yenye vitu vya kununua, habari za kutafuta, mahali pa kuwa dakika ya 15 tangu kuanza, na masharti machache. Mpimaji anafuata kwa mbali na daftari.

Kuhamishia hapa si kubadili majina tu. Wao waliuliza bei ya ratili ya nyanya. Kwetu nyanya ni kwa fungu, na fungu la asubuhi si fungu la saa kumi. Waliuliza pia kiwango cha kubadilisha faranga ya Ufaransa. Swali hilo Busia halipimi kitu, kwa sababu wabadilisha pesa wanakuimbia kiwango cha shilingi ya Kenya hata kama hujauliza. Habari inayokufuata yenyewe haihitaji mpango.

Yetu imekuwa hivi. Nunua sabuni, kiberiti, fungu la mukene, betri mbili. Ulizia nauli ya leo ya Jinja na bei ya fungu dogo kwa Mama Nabwire, uandike. Dakika ya 15 uwe kwenye geti la soko. Usizidishe shilingi 10,000. Usipite safu moja mara mbili. Usiingie kibanda usichonunua kitu. Binti wa dada yangu alijaribu jana: kasahau kuandika nauli, kapita safu moja mara mbili. Mama Nabwire kakosa sharti moja, la vibanda, kwa sababu hawezi kupita kwa watu bila kusalimia. Sharti hilo nimelifuta. Lilikuwa linapima adabu.

9 Machi

Kaka sokoni, saa nne asubuhi. Kabla ya kuanza nilimwomba anisomee masharti, kisha anieleze bila karatasi. Yote, sawasawa.

Alianza vizuri: sabuni, kisha nauli ya Jinja, akaiandika. Akapita safu ya mitumba mara nne. Akanunua rolex mbili, zile chapati zilizoviringishwa na mayai, moja yake, nyingine akaniletea mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya marobota. «Unanifuata tangu nyumbani, lazima una njaa.» Kiberiti akanunua. Dakika ya 15 alikuwa anazungumza mpira na fundi wa pikipiki, hatua ishirini kutoka getini, uso wake ukilitazama geti lenyewe. Dakika ya 40 nikafunga daftari. Mukene, betri na bei ya nyanya havikuguswa.

Tulikaa kwenye ngazi za duka tukala rolex zilizopoa.

«Kaka, dakika ya kumi na tano ulitakiwa uwe wapi?»

«Getini.»

«Ulikuwa unajua wakati ule?»

«Nilikuwa najua, mdogo wangu.» Akafikiri. «Haikuja tu.»

John Duncan, mwanasaikolojia Mwingereza, ana jina la jambo hili: lengo mtu analijua, anaweza kulitaja, na bado halimsukumi kutenda. Maneno ya kaka ni mafupi zaidi. Nimeyaandika kwenye jalada la daftari.

Jioni nilimwambia Mama haya yote taratibu, jikoni, bila ubao wala karatasi. Hakusema uvivu. Hakusema kitu kingine pia. Alimpelekea chakula mwenyewe.

14 Machi

Rafiki yangu kanielekeza kwenye kazi ya Tom Manly na wenzake ya mwaka 2002. Walioumia kichwa walipewa kazi kadhaa za kuigiza shughuli za hoteli, wagawanye muda wao kati ya zote. Mara nyingi walizama katika moja. Kisha wakapigiwa mlio mara kwa mara, mlio usiosema fanya hiki wala kile, unaowafanya tu wasimame na kujiuliza wanafanya nini. Wakafanya vizuri zaidi.

Simu ya kaka ina kengele. Tumeiweka ilie mara sita ndani ya dakika 40, kwa nafasi zisizolingana ili asizizoee. Mlio kauchagua mwenyewe, honi ya lori. Tumekubaliana maana yake: simama, toa karatasi.

16 Machi

Vitu vipya, masharti yaleyale. Mlio wa kwanza akaipokea simu: «Haloo? Haloo?» Akatazama kioo, akairudisha mfukoni, akaendelea na safari. Mlio wa pili madereva wawili wa boda wakaruka pembeni kupisha lori, naye akacheka nao mpaka karatasi ikasahaulika. Wa tatu ulimkuta kwenye safu ya mitumba, ameshika shati. Alisimama. Akaliweka shati chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa nyuma, akaitoa karatasi na kuisoma, midomo ikitembea. Kisha akageuka kuelekea kwa wauza mukene.